Kopo letu liseme kweli

Juma hili tunazungumza juu ya jambo linalotugusa sisi wote wenye kuuza: namna ya kusema na mnunuzi ili arudi.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kikundi chetu kinauza unga wa muhogo katika soko la Kadutu, hapa Bukavu. Mwaka jana mvua zilipoanza, muhogo haukukauka vizuri, barabara zikaharibika, bei ya gunia ikapanda. Tuliogopa kuwaambia wanunuzi. Tukaacha bei ilivyokuwa, lakini tukabadilisha kopo: tukachukua lile lililobonyea chini.

Mama mmoja mwenye malewa alikuwa ananunua kwetu kila Jumatatu. Alipima unga wake nyumbani, akaona umepungua. Hakugombana nasi. Alihamia meza ya jirani, na wenzake wakamfuata. Mwisho wa mwezi makuta ya likelemba hayakutimia, na wamama wawili kati yetu walikosa minervali ya watoto wao wa sekondari.

Tulikaa, tukasemezana ukweli. Yule mama hakukimbia bei, alikimbia kufichwa. Tukarudisha kopo zima, tukapandisha bei waziwazi, tukaenda kumwomba msamaha. Alirudi baada ya majuma kadhaa. Wengine hawajarudi hadi leo.

Tangu hapo tunashika mambo haya:

Bei isemwe mbele. Andika kwa chaki kwenye kibao kidogo, bei pamoja na kipimo. Chora na kopo, kwa ajili ya mama asiyejua kusoma. Kama unapokea dola, sema mapema unaihesabu kwa franka ngapi.

Bei ikitaka kupanda, toa sababu siku chache kabla. Mwenye malewa naye anapanga makuta yake.

Telefone itumike kwa kifupi. Ujumbe mmoja kwa juma unatosha, wenye mambo manne: una nini, bei gani, wapi, saa ngapi. Kwa mfano: "Unga mpya wa muhogo umefika. Kopo moja franka 1.000. Tuko sokoni kesho tangu saa mbili asubuhi." Picha ipigwe mchana, tena iwe ya unga wako mwenyewe.

Malalamiko yasikilizwe hadi mwisho. Kabla ya kujitetea, uliza: "Mama, tulikosa wapi?" Kisha pima tena mbele ya macho yake.

Deni lisitangazwe. Liandikwe katika daftari ninyi wawili mkiona. Ukimdai mtu mbele ya watu, au katika kikundi cha WhatsApp, unampoteza yeye pamoja na ndugu zake.

Matabishi yasifunike kosa. Kumwongezea mnunuzi konzi moja juu ya kopo lililobonyea ni kumpa zawadi kutoka katika mali yake mwenyewe.

Wamama, hatuna makuta ya kulipa matangazo ya redio. Tangazo letu ni mnunuzi anayefika nyumbani, anapima, na anakuta kipimo ni kile tulichomwambia.

Kazi ya juma hili: kila kikundi kilete kopo lake kwenye mkutano wetu, tuyapange mezani na tuyalinganishe. Mama atakayeona haya kuleta la kwake, tunamwelewa. Sisi pia tuliona haya. Alilete tu.