Fahamu: Liberty, chuo cha kanisa kilichomkimbiza Mkenya hadi ubingwa

Kwa watu wa Kitete, mjini Tabora, chuo kikuu cha dini ni AMUCTA cha Wakatoliki. Marekani nako vyuo vya namna hiyo vipo, ila michezo huko ni biashara nzito.

Mfano ni Liberty, chuo binafsi kilichoanzishwa mwaka 1971 na mchungaji Mbaptisti, Jerry Falwell, mjini Lynchburg, jimbo la Virginia. Timu zake huitwa Flames. Chuo kina wanafunzi wengi mno wanaosoma kwa mtandao, na ada zao zimekijengea miundombinu ambayo klabu nyingi za Ligi Kuu yetu zingeionea wivu.

Hapo ndipo alipokimbilia Mkenya Sam Chelanga. Alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mbio za nyika mwaka 2009 na 2010, na mwaka huo wa 2010 akamaliza mita 10,000 kwa dakika 27:08.49, rekodi ya vyuo wakati huo. Baadaye alichukua uraia wa Marekani na kuingia jeshini.

Je, mwanariadha analipwa? Zamani alipata ufadhili wa masomo tu. Tangu Julai 2025, baada ya maridhiano ya mahakamani, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kijana wa Tabora asishangilie mapema: viza ya mwanafunzi inabana sana kazi za kulipwa. Halafu kocha huangalia muda wako wa mbio, lakini chuo kinadai pia cheti cha sekondari na Kiingereza.