Kiwango cha ishara ya sauti

Kiwango cha ishara ya sauti ni ukubwa wa volti inayobeba sauti kutoka kifaa kimoja kwenda kingine katika mfumo wa muziki. Vifaa vya nyumbani havitoi volti zinazolingana, hata kama nyaya zao zina vichwa vya aina moja. Ndiyo maana waya unaweza kuingia vizuri kwenye tundu, na bado sauti ikatoka hafifu, ikakwaruza, au kifaa kikaungua.

Tofauti za volti

Ishara ndogo kabisa hutoka kwenye kinanda cha santuri. Kichwa cha sindano chenye sumaku inayosogea hutoa milivolti 5 hivi, na kile chenye koili inayosogea hutoa chini ya milivolti 1. Kicheza CD hutoa hadi volti 2, yaani mara 400 ya milivolti 5. Tundu la hedifoni la simu mara nyingi hutoa volti 1 au pungufu. Amplifaya ya wati 50 huipa spika ya omu 8 volti 20, kwa hiyo waya wa spika usichomekwe katika tundu la AUX. Baadhi ya sabufa zina matundu maalumu ya waya huo, lakini hayo yameandikwa wazi.

Santuri ina jambo la ziada. Wakati wa kurekodi, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, kwa kanuni ya RIAA iliyoanza Marekani mwaka 1954. Tundu la PHONO hukuza ishara na pia kurudisha besi mahali pake. Santuri ikiunganishwa kwenye AUX, husikika kwa mbali na bila besi. CD ikiunganishwa kwenye PHONO, sauti huharibika kabisa.

Kupanga sauti

Simu au king'amuzi kikiunganishwa na amplifaya, ni afadhali sauti yake ipandishwe karibu na mwisho, kisha kiasi cha kusikiliza kipangwe kwenye amplifaya. Ishara ikiwa dogo mno, amplifaya hulazimika kukuza pamoja nayo mvumo wa waya na kelele zake yenyewe. Ikizidi, vilele vya mawimbi hukatwa. Kosa hili la pili ni baya zaidi, kwa sababu kupunguza sauti mbele ya hapo hakurudishi kilichokatwa. Amplifaya yenyewe ikisukumwa hadi kukata vilele, twita za spika huweza kuungua.

Kulinganisha vifaa viwili

Sikio hupenda chenye sauti kubwa. Tofauti ya desibeli 1 yaweza kumfanya msikilizaji aseme kifaa fulani ni "bora" wakati kimezidi nguvu tu. Kwa hiyo wapimaji makini huvisawazisha kwanza kwa kupima volti kwenye spika, hadi tofauti isizidi desibeli 0.1, ambayo ni kama asilimia 1 ya volti.