Mwekezaji wa Reli Hupimwa kwa Mabehewa

Miongoni mwa wanafunzi ninaowafundisha hapa Migori wapo wanaotamani kuwa wawekezaji, au washauri wa wawekezaji, katika mashirika yaliyobinafsishwa. Siwalaumu. Ni kazi yenye heshima na malipo. Hata hivyo, anayeitamani hana budi kukisoma kwanza kisa cha reli ya Kenya na Uganda, ingawa reli yenyewe haikupata kufika Migori wala Homa Bay. Ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo meli za shirika la reli ndizo zilizoleta mizigo hadi gati la Homa Bay. Meli hizo zilipokoma, mizigo yetu ilipanda malori.

Tarehe 1 Novemba 2006, serikali za Kenya na Uganda ziliikabidhi kampuni ya Rift Valley Railways, iliyoongozwa na Sheltam ya Afrika Kusini, uchukuzi wa mizigo kwa miaka 25. Msomaji azingatie kwamba reli haikuuzwa. Ilibaki mali ya umma, na kampuni ikawa mpangaji. Iliahidi kuikarabati na kulipa asilimia 11.1 ya mapato yake yote ya mizigo, kabla ya kuondoa gharama.

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii. Vichwa vya garimoshi vikichakaa, shehena hupungua. Shehena ikipungua, fedha za kuvitengeneza hukosekana. Hakuna njia ya kuukata mzunguko huo ila mwekezaji atie mtaji wake mwanzoni kabisa, kabla hajaonja faida. Badala yake wenye hisa walizozana, na hatimaye udhibiti ukahamia kwa Citadel Capital ya Misri. Mikopo mikubwa ilipopatikana, miaka ilikuwa imekwisha kupotea. Mwaka 2017 mkataba ulivunjwa katika nchi zote mbili, ukiwa umebakiza miaka 14.

Wapo wasemao kuwa kisa hiki ni ushahidi kwamba reli haifai kuwa mikononi mwa watu binafsi. Mimi sioni hivyo. Shirika la umma lilikuwa limekwisha kudhoofika kabla ya mpangaji kuingia. Tena, nchini Marekani kampuni za watu binafsi husafirisha shehena kubwa mno kwa reli, nazo humiliki njia zenyewe. Anayemiliki njia huitunza kwa kuwa ni mali yake. Mpangaji huitunza kwa kadiri mkataba unavyombana.

Jambo hili latuhusu sisi hasa. Mwaka 2025 serikali ilikodisha kiwanda cha sukari cha Awendo kwa miaka 30. Muundo ni ule ule: mali ya umma, uendeshaji wa mwekezaji. Kila mwalimu wa hapa anawajua wanafunzi ambao karo yao hutokana na miwa. Malipo ya mkulima yakichelewa, dawati hubaki tupu.

Basi, enyi wanafunzi, mkiifikia kazi hiyo, ulizeni maswali matatu kabla ya wino kukauka. Mwekezaji analeta fedha kiasi gani zilizo zake? Atazitia kufikia mwaka gani? Asipozitia, atanyang'anywa nini? Mshauri asiyeyauliza hayo hula ujira wake, kisha huwaachia wengine hasara.