Joka kwenye ganda la kitabu: nani walilichora?

Ukishika simu ya kijana anayependa michezo, mara nyingi utakuta ile picha: shujaa mwenye upanga, joka lenye kufungua kinywa, dhahabu imelundikana chini ya makucha yake. Vijana wameizoea mpaka hawaiulizi tena. Lakini ile picha ina historia yake, na kipande kikubwa cha historia hiyo kinapita katika mji mmoja mdogo wa Marekani, Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, kati ya mwaka 1974 na 1983. Tuifuate kidogo, maana ndani yake kuna mambo ya kazi, ya woga, na ya mtu mmoja aliyeacha yote akaenda kuendesha teksi.

Kwanza tuelewane juu ya mchezo wenyewe. Unaitwa Dungeons & Dragons, tuseme Mapango na Majoka. Watu wanne au watano wanakaa kwenye meza. Mmoja anasimulia: mumefika mbele ya mlango wa chuma, ndani munasikia mtu analia. Wengine, kila mmoja ana mhusika wake, mpiganaji, mchawi, mwizi, padri, na kila mmoja anasema atafanya nini. Dadu inarushwa ili kujua kama amefaulu ao ameshindwa. Hakuna ubao kama ule wa dama, na hakuna mshindi. Kuna kitabu cha sheria, karatasi, penseli na mdomo. Waliokulia kwenye hadithi za jioni watauelewa upesi: ni hadithi ya kando ya moto, ila wasikilizaji wameruhusiwa kuingia ndani na kuiharibu.

Sasa jiweke pahali pa mwenye duka. Kitu cha namna hii utakiuza vipi? Mtu anafungua boksi, anakuta vitabu vimejaa hesabu na orodha. Hakuna cha kumwonyesha. Basi kazi yote iliangukia picha ya mbele. Na hata akiisha kununua, ile picha ndiyo ilimwambia huu mchezo ni wa kufanya nini. Watoto wengi hawakusoma sheria zote, ila jalada waliliangalia mara mia.

Mwanzo ulikuwa wa kimaskini kabisa. Gary Gygax, aliyeandika mchezo pamoja na Dave Arneson, alikuwa amepoteza kazi yake ya bima, akawa anatengeneza viatu nyumbani ili familia ile. Mwaka 1974 kampuni TSR ilichapa maboksi 1000, kila moja na vitabu vitatu vidogo ndani, bei dola 10. Pesa ya kumlipa mchoraji wa jina haikuwako. Kwenye boksi waliweka mtu juu ya farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, mchoro wa kijana anayeitwa Greg Bell. Kumbe ule mpanda-farasi aliigwa kutoka kitabu cha katuni cha kampuni Marvel, toleo moja la Strange Tales la mwaka 1968. Leo mwanasheria angepiga simu siku hiyo hiyo. Wakati ule, kwa maboksi 1000, hakuna aliyejali.

Mchezo ukauzwa, wakachapa tena, na kufikia mwaka 1977 kampuni ilikuwa na wachoraji wake wa ndani. Wawili ndio wa kukumbuka: David Sutherland na David Trampier.

Sutherland alikuwa amepita jeshini. Ndiye alichora jalada la boksi la wanaoanza la mwaka 1977, joka juu ya hazina, mbele yake mchawi na mpiga mshale, na mwaka ule ule akachora jalada la kitabu cha wanyama na mazimwi, Monster Manual. Mkono wake haukuwa laini. Miili inasimama kama miti, sura zimekauka kidogo. Wapo wanaomcheka mpaka leo. Mimi naona alijua kitu kimoja ambacho wengine waliokuja nyuma, wenye ufundi kumpita, walikisahau: watu wake wanaogopa. Unaona kabisa kwamba yule mpiga mshale akikosa, amekwisha.

Mwaka 1979 alichora jalada la kitabu cha msimulizi, Dungeon Masters Guide. Hapa msomaji wa Kiswahili anafika nyumbani bila kutegemea. Zimwi kubwa jekundu kwenye picha ile linaitwa efreet, na neno hilo ni ifriti ya Kiarabu, ile ile tunayoita afriti. Nyuma ya kitabu kunaonekana Mji wa Shaba, mji unaotoka katika hadithi za Alfu Lela Ulela, ambazo watu wa pwani wamezisimulia muda mrefu. Afriti huyo ameshika mwanamke mwenye nguo ndogo sana mkononi, na watu wawili wanajaribu kumwokoa. Tukumbuke huyo mwanamke, tutamrudia.

Lakini kama ningeambiwa nichague jalada moja tu kati ya yote, ningechukua lile la Trampier, la kitabu cha wachezaji, Players Handbook, mwaka 1978. Ukiliangalia haraka unaona sanamu kubwa ya shetani imekaa ndani ya hekalu. Ukitulia unaanza kuona watu. Wawili wamepanda juu ya kichwa cha sanamu, wanachokonoa jicho moja, maana jicho ni jiwe la thamani. Chini, mmoja anapangusa upanga wake. Wengine wanasimama na ramani, wanajadiliana waende wapi sasa. Wengine wanaburuta maiti za watu-mijusi waliokuwa wanalinda pale.

Munaona? Vita vimekwisha. Hakuna shujaa wa katikati. Hakuna hata mmoja anayetuangalia. Ni watu wa kazi wakiwa kazini, kama wachimbaji waliotoka shimoni: mmoja anahesabu walichopata, mwingine anasafisha chombo chake, mwingine anauliza kama kuna shimo lingine mbele. Na wale wawili wa juu, je, walikubaliana na wenzao kabla ya kung'oa lile jicho? Sanamu itanyamaza? Mtoto aliyenunua kitabu kile aliulizwa maswali hayo na picha yenyewe, kabla hajasoma ukurasa wa kwanza. Na maswali hayo ndiyo mchezo wenyewe. Ndiyo maana nasema Trampier hakupamba kitabu. Aliandika sheria ya kwanza kwa rangi.

Wakati huo huo habari mbaya zikaanza. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha jimbo la Michigan alipotea, na magazeti yakaandika kwamba labda alipotelea chini ya ardhi akicheza mchezo huu. Haikuwa hivyo, kijana alikuwa na shida zake nyingine. Lakini jina la mchezo lilikuwa limeisha kuingia mdomoni mwa watu. Kisha mwaka 1982 kijana mwingine, wa jimbo la Virginia, alijiua, na mama yake, katika uchungu wake, akaamini kwamba mchezo ulimlaani mtoto. Mwaka 1983 alianzisha chama cha kuupiga vita. Wahubiri wakaingia, televisheni ikaingia. Na ushahidi walioonyesha mbele ya kamera, mara nyingi ulikuwa ni jalada: angalia sanamu ya shetani, angalia zimwi jekundu, angalia mwanamke uchi. Sisi huku tunaoishi na maneno ya uchawi yanayotupwa juu ya watoto hatuna haja ya kuelezwa sana vile jambo la namna hii linavyowaka.

Kampuni nayo ilikuwa imebadilika. Haikuuza tena kwa wapenzi wachache. Sasa ilikuwa katika maduka makubwa ya michezo ya watoto, na kwenye boksi waliandika umri wa miaka 10 na kuendelea. Kabla ya hapo, mwaka 1981, walikuwa wamempa boksi la wanaoanza Erol Otus, mchoraji wa ajabu, rangi zake zambarau na kijani kama ndoto ya mtu mwenye malaria. Kwake joka la kijani linatoka majini, na mwanamke mchawi, amesimama wima, anatupa mwanga wakati mwenzake anashika mkuki. Mwanamke huyo habebwi na mtu. Anapigana.

Halafu ikaja ile ya 1983, boksi jekundu, kazi ya Larry Elmore. Huyu alikuwa fundi wa kweli. Ngozi ya joka inang'aa, misuli ya mpiganaji unaweza kuihesabu, upanga uko juu, kinywa cha joka kiko wazi, wako wawili tu, uso kwa uso. Ni picha safi, na iliuzika sana, na ndiyo mama wa zile picha za kwenye simu tulizoanza nazo. Siwezi kusema ni mbaya. Lakini iweke pembeni ya ile ya Trampier. Kwa Elmore hakuna rafiki, hakuna ramani, hakuna la kujadili. Kuna mtu mmoja na adui mmoja, na jibu moja. Mtoto wa 1978 alifundishwa kuuliza, tutafanya nini? Mtoto wa 1983 alifundishwa kupiga.

Mwaka ule ule wa 1983 vitabu vya zamani vilivikwa maganda mapya, yaliyochorwa na Jeff Easley, mtu mwenye mkono mzuri wa rangi ya mafuta. Sanamu ya Trampier ikatoka, pahali pake pakaingia mzee mchawi anayerusha nguvu kwa mikono. Afriti na yule mwanamke wakatoka, wakaweka mtu mwenye joho akifungua milango mikubwa. Na hapa kuna jambo la kushangaza: maneno ya ndani yalibaki karibu yale yale. Sheria zile zile, mashetani yale yale kwenye orodha. Kilichobadilishwa ni kile ambacho mzazi angeona mezani. Ilipofika toleo la pili, mwaka 1989, ndipo hata majina ya mashetani yaliondolewa, baadaye wakarudishwa kwa majina ya kubuni.

Wachoraji wenyewe hawakuulizwa sana. Walikuwa wafanyakazi, na picha ya mfanyakazi ni ya patroni. Kampuni ilipopata shida ya pesa na kuuzwa mwaka 1997 kwa kampuni nyingine, Wizards of the Coast, majoka na mashujaa wote walihama pamoja na viti na meza. Sutherland aliaga dunia mwaka 2005.

Trampier aliondoka kabla. Kuanzia 1977 alikuwa anachora katuni katika gazeti la kampuni, Dragon: joka linalovuta sigara na kucheza biliadi, linaitwa Wormy. Wasomaji walilipenda sana. Mwaka 1988, hadithi ikiwa katikati, kurasa ziliacha kufika. Gazeti likatangaza kwa maneno machache tu kwamba Wormy haitatoka tena. Ikasemekana hata hundi za malipo zilikuwa zinarudi bila kufunguliwa. Watu wengi walifikiri amekufa.

Miaka 14 ikapita. Mwaka 2002 gazeti la wanafunzi wa chuo kikuu mjini Carbondale, jimbo la Illinois, lilichapa habari juu ya maisha ya dereva wa teksi wa usiku, pamoja na picha yake na jina lake. Wapenzi wa mchezo waliposoma lile jina walishtuka. Alikuwa ni yeye. Walimtafuta, wakampa nafasi ya kurudi kuchora, akakataa. Alipeleka abiria wake.

Mwishoni, mgonjwa na bila pesa nyingi, alikubali kuonyesha michoro yake ya zamani katika mkutano wa wapenzi wa michezo pale pale Carbondale, mwaka 2014. Alikufa tarehe 24 ya mwezi wa 3 mwaka ule, kabla mkutano haujafunguliwa.