Vitonge vya kakao, tende na karanga: kitafunwa cha watoto kisichohitaji tanuri



Ndugu msomaji, katika Surat al-Baqara, aya ya 168, Mwenyezi Mungu anawaamrisha watu wale vilivyomo katika ardhi kwa masharti mawili: kiwe halali, na kiwe kizuri, yaani twayyib. Sharti la kwanza tumelizoea. Tunauliza nyama imechinjwa na nani, na mafuta yametoka wapi. Sharti la pili ndilo tunalolipita haraka, na zaidi katika vitafunwa vya watoto, ambavyo tunavinunua mlangoni mwa shule au dukani bila kuuliza lolote. Wiki hii tunaleta kitafunwa kimoja cha kutengeneza nyumbani, chenye ladha ya chokoleti na protini ya kutosha, ili tuyatazame masharti hayo yote mawili.

Kilichomo ndani ya karatasi

Siku hizi madukani kuna vipande vya chokoleti vinavyosifiwa kuwa na protini nyingi. Vijana wa mazoezi wanavipenda, na watoto wanawaiga. Tatizo la kwanza ni orodha ya viambato iliyoandikwa kwa herufi ndogo mgongoni. Jelatini inayovifanya vivutike hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na mara nyingi mnyama huyo ni nguruwe. Kiambato kinachoandikwa E471 huweza kutokana na mafuta ya mimea au ya wanyama, na namba hiyo peke yake haisemi ni yapi. Arki ya vanila kwa kawaida hutengenezwa kwa kuloweka vanila katika pombe. Unga wa protini wenyewe aghalabu hutokana na maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, na kimeng'enya kinachogandisha maziwa ya jibini huweza kutoka tumboni mwa ndama, ambaye huenda hakuchinjwa kisheria.

Wanazuoni wamelijadili kila moja katika mambo haya, na mwenye swali amwendee sheikh wake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuacha chenye kututia shaka na kushika kisichotutia shaka, na kwa mzazi njia nyepesi ya kulifuata fundisho hilo ni kuandaa kitafunwa ambacho kila kilichomo amekishika kwa mkono wake.

Isitoshe, viungo vyake viko karibu nasi. Kakao inalimwa Kyela mkoani Mbeya, na pia Morogoro, ingawa sehemu kubwa ya punje zake husafirishwa nje na kuturudia zikiwa chokoleti ya bei kubwa. Ufuta unastawi Lindi na Mtwara. Karanga ziko kila soko. Tende tunazo, na nyumba nyingi hubaki nazo kabatini baada ya Ramadhani. Hata namna ya kutengeneza si ngeni kwa watu wa pwani waliolelewa kwa kashata. Tofauti ni kwamba hapa tende inashika mahali pa sukari ya kuchemsha, na wala hatuhitaji tanuri, chombo ambacho nyumba nyingi hazina.

Mahitaji

Tende zilizotolewa kokwa, gramu 250 (kiasi cha kikombe kimoja na nusu). Karanga zilizokaangwa na kuondolewa maganda, gramu 200 (kikombe kimoja na nusu). Maziwa ya unga yasiyopunguzwa mafuta, gramu 50 (vijiko 6 vya chakula). Unga wa kakao usiotiwa sukari, gramu 30 (vijiko 5 au 6). Ufuta uliokaangwa kidogo, gramu 30 (vijiko 3). Hiliki punje 4 zilizotwangwa, na chumvi chembe moja.

Uwe makini na kakao. Makopo mengi ya kinywaji cha chokoleti yana sukari nyingi kuliko kakao. Soma orodha, kama sukari imetajwa mwanzo, hicho sicho unachokitafuta. Unga wa kakao unatufaa kuliko chokoleti ya kipande kwa sababu nyingine pia: siagi ya kakao iliyomo katika chokoleti huyeyuka katika joto la nyuzi 34 hivi, na mchana wa Tanga au Unguja haupo mbali na hapo. Unga una mafuta machache, hivyo vitonge havitayeyuka ndani ya mkoba wa mtoto.

Namna ya kutengeneza

Mimina maji yanayochemka juu ya tende, ziache kwa dakika 10, kisha zichuje vizuri na uziponde mpaka ziwe laini. Saga au twanga karanga ziwe unga wenye chenga, na usimame kabla hazijaanza kutoa mafuta. Changanya karanga, maziwa, kakao, hiliki na chumvi katika bakuli kavu. Tia tende na ukande kwa mkono mpaka mchanganyiko ushikane. Ukiwa mkavu, ongeza maji yaliyochemshwa, kijiko kimoja kimoja. Ukiwa laini mno, ongeza maziwa ya unga. Finyanga vitonge vya upana wa sentimita 3 hivi, vizungushe katika ufuta, kisha viache vipoe kwa saa moja kwenye friji au mahali pasipo joto. Utapata vitonge 28 hivi.

Kila kitonge kina karibu gramu 3 za protini, nyingi zikitoka kwenye karanga. Vitonge viwili hukaribia protini ya yai moja. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji takriban gramu 19 za protini kwa siku, na wa miaka 9 hadi 13 gramu 34. Kwa hiyo vitonge viwili pamoja na bilauri ya maziwa humpa mtoto mdogo zaidi ya nusu ya haja yake. Kijana anayefunga atavifurahia wakati wa daku, kwa kuwa protini na mafuta ya karanga hukaa tumboni muda mrefu kuliko andazi na chai ya sukari.

Sharti la pili: twayyib

Hapa ndipo tunapoomba msomaji asiharakishe. Kutengeneza nyumbani kunatuondolea shaka ya jelatini na pombe, lakini hakutuhakikishii kwamba chakula ni kizuri. Mambo manne yako mikononi mwa mwandaaji.

La kwanza ni sumukuvu, ambayo ni sumu ya ukungu unaoota juu ya karanga na mahindi yasiyokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Mwaka 2004 nchini Kenya iliua zaidi ya watu 100, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, na mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Misiba hiyo ilitokana na mahindi, lakini karanga nazo hushambuliwa na ukungu huo huo, na anayekula sumu hiyo kidogo kidogo kwa miaka yumo katika hatari ya saratani ya ini. Kukaanga hupunguza sumukuvu bila kuimaliza. Basi nunua karanga nzima mbichi, zimwage kwenye ungo, na uondoe kila iliyonyauka, iliyobadilika rangi, iliyovunjika au yenye ukungu, kabla ya kukaanga. Ulizoziondoa zitupe, usimpe kuku, kwani sumu humdhuru naye pia. Unga wa karanga uliosagwa tayari hauna njia ya kuchaguliwa.

La pili ni usafi. Chakula kinachopikwa husafishwa na moto mwishoni, lakini vitonge hivi havirudi motoni. Kilichokuwa mkononi, kwenye kinu au kwenye kijiko kitafika mdomoni kama kilivyo. Osha mikono kwa sabuni, suuza vyombo kwa maji ya moto na uvikaushe. Usitie yai bichi wala unga wa ngano mbichi, kama baadhi ya watu wanavyofanya ili kuongeza ujazo. Vyote viwili huweza kubeba vimelea vya maradhi.

La tatu ni kiasi. Tende ni neema, lakini zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, na kila kitonge kina karibu gramu 6. Viwili kwa siku vinamtosha mtoto. Kwa kuwa hunata kwenye meno, asukutue kwa maji baada ya kula. Na hapa sunna ya mswaki ina nafasi yake.

La nne ni kumjua mlaji. Kuna watoto ambao karanga huwavimbisha midomo au kuwabana pumzi. Hao wasipewe kabisa, wala kisipelekwe shuleni cha kugawana bila mwalimu kujua. Walio chini ya miaka 5 wakatiwe vipande vidogo vilivyobanwa viwe vyembamba, nao wale wakiwa wamekaa, wasije wakapaliwa.

Vitonge hukaa wiki moja kwenye friji, ndani ya chombo chenye kifuniko. Asiye na friji atengeneze nusu ya kipimo, viliwe ndani ya siku mbili.

Wazazi wengi wana mchana mmoja wa mwisho wa wiki ambao watoto wako nyumbani. Mkubwa achague karanga kwenye ungo, wa kati aponde tende, mdogo azungushe vitonge katika ufuta, na wote waanze kwa Bismillah. Mtoto aliyekwisha kuitupa karanga yenye ukungu kwa mkono wake hahitaji hotuba ndefu ili aelewe kwa nini Mola wetu hakuishia kwenye neno halali, akaongeza na lile la pili.