Mgeni asiye na karatasi Bujumbura: gharama humwangukia nani?

BUJUMBURA – Katika soko la Ruvumera, mtaani Buyenzi, bei hutajwa kwa Kiswahili na mteja haulizwi ametoka ng'ambo gani ya Mto Rusizi. Swali hilo huulizwa kwingine: alfajiri, polisi wanapobisha hodi na kutaka kuona daftari la nyumba.

Daftari hilo ni kijitabu chenye majina ya wote wanaolala katika nyumba, pamoja na wageni. Matumizi yake yalitiliwa mkazo katika mitaa ya Bujumbura baada ya machafuko ya mwaka 2015. Jina lisilomo katika daftari humtia matatani mgeni, na pia mwenye nyumba aliyempokea.

Kwa serikali, hiki ni chombo cha usalama. Kwa maelfu ya wafanyabiashara na wakimbizi wanaoishi kati ya Uvira na Bujumbura, ni jambo linaloamua kama mtu atalala kwake au mahabusu. Makala haya yanaeleza sheria inasemaje, hofu ya usalama inatoka wapi, na kwa nini suala hili linaigusa biashara ya mpakani moja kwa moja.

Miji ya hifadhi ni nini?

Mjadala kama huu unaendelea pia Marekani, ambako kuna miji inayoitwa miji ya hifadhi. Los Angeles ilianza mwaka 1979, pale mkuu wa polisi alipotoa amri iliyowakataza askari wake kumhoji mtu kwa lengo la kutaka tu kujua hali yake ya uhamiaji. San Francisco ilipitisha sheria yake mwaka 1989.

Wengi hudhani kwamba katika miji hiyo mhamiaji hakamatwi. Hilo si kweli. Mwizi hukamatwa, hushtakiwa na kufungwa kama mwizi mwingine, na alama za vidole vyake hupelekwa kwa vyombo vya shirikisho. Kinachozuiwa ni polisi wa mji kufanya kazi ya idara ya uhamiaji. Hoja ya polisi wenyewe ni kwamba mtu anayeogopa kufukuzwa nchini hatapiga simu anapoibiwa, wala hatatoa ushahidi anapoona mtu ameuawa.

Wapinzani wanasema miji hiyo huwaachia wahalifu ambao wangerudishwa makwao. Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuibana mwaka 2017, na nyingine mwaka 2025. Utafiti wa David Hausman uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba sera hizo zilipunguza idadi ya waliofukuzwa kwa karibu theluthi moja, bila kuonekana athari yoyote kwa kiwango cha uhalifu.

Bujumbura haiwezi kuichukua sera hiyo kama ilivyo. Marekani ni nchi ya shirikisho, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1997 kwamba serikali kuu haiwezi kuwalazimisha maofisa wa majimbo na miji kutekeleza sheria zake. Burundi ina serikali moja na polisi mmoja wa taifa. Mji hauna askari wake wa kuwaambia waulize hili na waache lile. Lakini swali lililo chini ya sera hiyo ni lile lile: je, anayelinda raia dhidi ya wezi awe ndiye pia anayesaka karatasi?

Sheria ya Burundi inasemaje?

Burundi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mwezi Julai 1963. Ilipojiunga iliweka sharti juu ya ibara ya 26 inayohusu uhuru wa kutembea: mkimbizi asichague kuishi katika eneo linalopakana na nchi aliyotoka, wala asifanye vitendo vya uchochezi dhidi ya nchi hiyo.

Sharti hilo lina uzito wa pekee kwa Bujumbura. Mpaka wa Gatumba uko umbali wa kilomita zipatazo 20 tu kutoka katikati ya mji, na Uvira iko hatua chache mbele. Mji mkubwa wa biashara wa Burundi ndio huo huo ulio jirani na nchi wanakotoka karibu wakimbizi wake wote.

Sheria ya hifadhi ilipitishwa Novemba 2008, na ofisi ya taifa inayoshughulikia wakimbizi, ONPRA, ikafuata. Utaratibu uliozoeleka ni huu: msaada wa chakula na makazi hutolewa kambini, kama vile Gasorwe, Musasa, Bwagiriza, Kavumu na Nyankanda, zote zikiwa mbali na mpaka wa Kongo. Anayeweza kujitegemea huruhusiwa kuishi mjini, lakini kwa jasho lake mwenyewe. Ndiyo maana makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kikongomani wamekuwa wakiishi Bujumbura, wengi wao katika mitaa ya watu wa kipato cha chini.

Kundi la pili ni raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Burundi iliingia katika jumuiya hiyo Julai 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika Julai 1, 2010. Chini ya kanuni zake, raia wa nchi mwanachama anaweza kupewa kibali cha kuingia na kukaa hadi miezi sita. Itifaki hiyo hiyo, katika ibara ya 7, inairuhusu nchi kuweka mipaka kwa sababu za usalama au afya ya umma, mradi iziarifu nchi nyingine.

Kundi la tatu ni wachuuzi wa mpakani. Tangu Burundi, Rwanda na Kongo zilipounda jumuiya ya CEPGL mwaka 1976, wakazi wa Uvira na Bujumbura wamezoea kuvuka kwa hati nyepesi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini desturi ya kuvuka kwa hati ya siku chache ni ya zamani kuliko hapo.

Tatizo huanza katikati ya makundi hayo. Mtu anaweza kuvuka asubuhi akiwa na hati halali ya kuuza vitenge, vita vikazuka nyuma yake jioni, naye akabaki. Hati yake ya siku chache inaisha. Hajawa mkimbizi kwa sababu hajaandikishwa, na si mfanyabiashara halali tena kwa sababu muda wake umepita. Hakuvunja mpaka, ila karatasi yake imekwisha.

Hofu ya usalama haikutokea hewani

Ni makosa kudhani kwamba polisi wa Burundi wanabisha hodi kwa mazoea tu. Usiku wa Agosti 13, 2004, zaidi ya wakimbizi 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa katika kambi ya muda ya Gatumba. Kundi la waasi la FNL lilikiri kuhusika. Waliokufa walikuwa wakimbizi, na kambi yao ilikuwa karibu mno na mpaka. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unataka wakimbizi wawekwe mbali na mpaka kwa sababu za namna hiyo hiyo.

Septemba 2011 watu wapatao 40 waliuawa katika baa moja ya Gatumba. Desemba 22, 2023, watu 20 waliuawa Vugizo, karibu na mpaka huo huo, na kundi la RED-Tabara likadai kuhusika. Wiki tatu baadaye, Januari 2024, Burundi iliufunga mpaka wake na Rwanda, ikiituhumu nchi hiyo kulisaidia kundi hilo, tuhuma ambayo Rwanda iliikanusha.

Mwaka 2025 mzigo uliongezeka. Goma ilitekwa na M23 mwezi Januari na Bukavu mwezi Februari. Ndani ya wiki chache zaidi ya watu 60,000 walikuwa wameingia Burundi, wengine wakivuka Rusizi kwa miguu upande wa Cibitoke. Serikali na UNHCR waliwahamishia maelfu katika eneo la Musenyi, Rutana. Desemba 2025 M23 waliingia Uvira, makumi ya maelfu wengine wakakimbia, na mpaka wa Gatumba ukafungwa.

Katika mazingira hayo hakuna ofisa wa usalama atakayekubali kutojua nani amelala katika nyumba ipi. Linalobishaniwa ni njia inayompa taarifa hiyo kwa uhakika zaidi.

Gharama ya kujificha

Chukua mfano wa mama anayeuza samaki wakavu, ambaye hati yake imeisha. Hawezi kuandikishwa katika daftari la nyumba bila kujifichua, basi mwenye nyumba humtoza kodi ya juu kwa kumficha. Hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, basi pesa zake za Lumicash hupita kwa mtu mwingine, ambaye siku moja anaweza kukana. Hana namba ya mlipakodi, kwa hiyo OBR haioni hata faranga moja ya mauzo yake. Akikopesha mzigo asilipwe, hana pa kushtaki. Akiibiwa, hunyamaza.

Katika uchumi, hiyo ni sawa na kodi, tofauti ikiwa haiingii hazina. Humwendea mwenye nyumba, dalali, na wakati mwingine mtu mwenye sare. Kadiri njia ya halali inavyokuwa ndefu na ghali, ndivyo watu wengi zaidi wanavyoona nafuu kuilipa kodi hiyo ya kificho.

Kwa upande wa usalama, hasara ni kubwa zaidi. Aliyekuja kufanya hujuma huwa na fedha na wenyeji wa kumficha, na mara nyingi karatasi zake ni safi. Msako hukamata zaidi yule mama wa samaki. Naye ndiye ambaye angeweza kuwa wa kwanza kugundua kwamba chumba cha jirani kina wageni wasioeleweka, lakini hathubutu kusema.

Majirani walifanyaje?

Nairobi ilijaribu njia ya msako. Desemba 2012 serikali ya Kenya iliamuru wakimbizi wote wa mijini warudi kambini. Mahakama Kuu iliifuta amri hiyo Julai 2013. Aprili 2014, baada ya mashambulizi Eastleigh, ilikuja operesheni ya Usalama Watch: watu wapatao 4,000 walikamatwa, wengi wakakaguliwa katika uwanja wa Kasarani. Biashara za Eastleigh zilidorora, na chombo huru cha kusimamia polisi nchini humo kiliripoti malalamiko ya rushwa na manyanyaso.

Tanzania ilifanya yake mwaka 2013. Rais Jakaya Kikwete alitoa muda kwa wahamiaji haramu kuondoka mikoa ya magharibi, kisha Operesheni Kimbunga ikaanza Septemba. Makumi ya maelfu waliondoka au waliondolewa, Warundi wakiwa miongoni mwao. Baadhi walikuwa wameishi huko miaka mingi na kuacha mashamba na familia. Kwa hiyo Warundi wanajua suala hili kutoka pande zote mbili za mlango.

Uganda ilichagua tofauti. Sheria yake ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, na maelfu wanaishi Kampala kwa kujitegemea. Kampala nayo imeshambuliwa kwa mabomu, lakini mkimbizi aliyesajiliwa anajulikana yuko wapi, kwa sababu kujitokeza kuna faida kwake.

Kinachowezekana Bujumbura

Bila kubadili katiba wala kuanzisha polisi wa mji, Burundi ina vyombo inavyovihitaji. Kuna ONPRA, idara ya uhamiaji, daftari la nyumba na viongozi wa nyumba kumi. Kinachokosekana ni kutenganisha maswali mawili: "Wewe ni nani, na unalala wapi?" na "Una haki ya kukaa?" Yakiulizwa pamoja mlangoni alfajiri, mtu huyakimbia yote mawili. La kwanza likiulizwa mchana, ofisini, pamoja na muda wa kurekebisha la pili, wengi watajibu wenyewe, na polisi watabaki na orodha fupi zaidi ya wale wasiotaka kujulikana.

Kwa wakati huu, mfanyabiashara anayevuka azingatie mambo manne. Ahakikishe hati imegongwa muhuri wa kuingia na ajue tarehe inapoisha. Aandikishwe katika daftari la nyumba siku anapofika, asingoje msako. Aliyekimbia vita aende kuandikishwa ONPRA mapema, kwa sababu karatasi ya mwombaji hifadhi ni kinga kuliko hati ya biashara iliyokwisha. Na asikabidhi laini ya simu wala mzigo wake kwa jina la mtu mwingine bila maandishi, kwani mali iliyo kwa jina la mwingine ni vigumu kuidai.