Gari Linapovuja: Tafuta Njia ya Maji Kabla ya Kununua Gundi

Ikiwa una gari la familia, au waendesha teksi kwa ajili ya riziki, huenda jambo hili limekwisha kukupata. Asubuhi moja ya masika wafungua mlango na harufu ya uvundo yakupokea kabla hujaketi. Vioo vimefunga ukungu kwa ndani. Wakanyaga zulia, na maji yachuruzika kandokando ya kiatu chako kana kwamba mtu anakamua nguo.

Aghalabu huanika zulia juani kwa kufungua milango, tukaridhika likikauka juu. Hapo ndipo tunapojidanganya. Chini ya zulia mna sponji nene, na sponji hiyo huweza kuhifadhi maji kwa wiki kadhaa ilhali juu kumekauka kabisa. Chini ya sponji lipo bati la sakafu, nalo huliwa na kutu upande usioonekana. Hapo hapo hupita nyaya na viungio vya umeme. Na katika baadhi ya magari hata sanduku la kompyuta limewekwa miguuni pa abiria. Gari likianza vituko, fundi hubadilisha kifaa baada ya kifaa na mshahara hukatika, kumbe kosa ni maji. Tena uvundo ule ni kuvu, na kuvu ni adui wa mtoto mwenye pumu.

Yafaa kwanza kufahamu jambo moja ambalo wengi hawalidhanii. Gari halikuundwa ili lisiingize hata tone. Waliolibuni walijua kwamba maji yataingia milangoni na chini ya kioo cha mbele, wakayatengenezea mifereji na matundu ya kutokea. Kwa hiyo mara nyingi gari huvuja si kwa kuwa limetoboka mahali papya, bali kwa kuwa njia ya kutokea imezibwa. Mwenye gari akikimbilia kopo la silikoni, huenda akaziba hata ile njia chache iliyobaki.

Basi, kabla ya kushika chombo chochote, jiulize: zulia hulowa lini? Likilowa siku za mvua au baada ya kuoshwa gari, tafuta nje. Likilowa wakati wa kiangazi, mtuhumu kiyoyozi. Jirani yangu mmoja alilipa mara tatu kupakwa gundi kuzunguka kioo cha mbele, na mara tatu zulia likalowa. Hakuna aliyemwuliza mbona mwezi ule haikunyesha mvua. Kiyoyozi hupoza hewa, na hewa yenye unyevu kama ile ya pwani yetu huacha maji mengi juu ya kipozeo kilichomo ndani ya dashibodi. Maji hayo hutoka kwa kijibomba hadi chini ya gari. Ukiendesha nusu saa siku ya fukuto kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, kisha ukasimama usione hata tone chini ya gari, yamkini kijibomba hicho kimezibwa na vumbi au tope. Kukizibua kwa waya laini ni kazi ya dakika chache, mradi usisukume kwa nguvu ukatoboa kipozeo chenyewe.

Kuna maji ya namna nyingine yasiyohusiana na mvua wala kiyoyozi. Magari mengi tuyapatayo kutoka nchi za baridi yana kifaa cha kutia joto ndani, ambamo hupita maji ya rejeta. Kikipasuka, maji hayo huteremka miguuni. Utayatambua kwa rangi yake, utelezi wake, harufu yake tamutamu, na utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele. Usiyaonje kamwe. Dawa iliyomo ni sumu, na watoto na wanyama wasiachiwe kuyafikia. Hilo ni la fundi wa rejeta, wala lisicheleweshwe, kwani injini nayo inapoteza maji.

Sasa tuje kwenye mvua, na tuanze na mlango, maana hapo ndipo penye makosa mengi ya mikono ya watu. Mvua ikipiga kioo cha mlango, maji huteremka hadi ndani ya mlango wenyewe, ni kawaida. Hutoka kwa matundu madogo yaliyo kwenye ukingo wa chini. Fungua mlango, inama, uyatazame: yakiwa yamejaa udongo, yazibue kwa kijiti. Ukiutikisa mlango na kusikia maji yakicheza ndani, umekwisha kupata jibu. Lakini nyuma ya kava la ndani la mlango kuna pia karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi laini. Kazi yake ni kuyazuia maji yasivuke kuingia chumbani. Fundi wa spika au wa kioo akija, huichana au huibandua, kisha hurudisha kava juu yake, na kwa macho mlango ni mzima. Ukitengenezewa mlango, simama hapo uone nailoni ikirudishwa na kugandishwa sawasawa. Usione haya, gari ni lako.

Mahali pa pili ni chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala. Wenye kuegesha chini ya mwarobaini au mwembe wapate kusikia: majani hujikusanya humo, huoza, na huziba mifereji ya pembeni. Maji hupanda kama katika beseni hadi yafikie tundu la kuingizia hewa, kisha humwagika miguuni. Fungua boneti uyatoe kwa mkono. Gari lenye dirisha la paa lina vijibomba vya namna hiyo hiyo, navyo huteremka ndani ya nguzo za mwili wake. Vizibue kwa mshipi mnene wa kuvulia, wala si kwa upepo wa kujazia tairi, usije ukavichomoa mahali ambapo mkono haufiki.

Ikiwa matundu yote ni wazi na bado zulia lalowa, fanya jaribio la watu wawili. Inua zulia, mwenzako aketi ndani na tochi. Wewe mwaga maji taratibu kwa mpira, ukianzia chini na kupanda juu, dakika kadhaa kila mahali. Ukianzia paani maji yatapita kila penye ufa kwa pamoja, wala hutajua lipi ni lipi. Usitumie pampu ya kuoshea magari, maana nguvu yake hupenyeza maji hata kwenye raba nzima. Na mwenzako asitazame panapodondoka tu, bali aufuate mchirizi hadi asili yake: maji yaingiayo juu ya kioo huweza kutokea chini ya kiti. Raba za milango huhitaji kipande cha gazeti tu. Kifungie mlangoni, kisha ukivute. Kikitoka bila ukinzani, hapo raba haikazi.

Kioo cha mbele kilichobadilishwa na kuanza kuvuja kisipakwe gundi juu juu. Ile silikoni inukayo kama siki, ya kuzibia masinki, hula chuma. Tena katika magari ya sasa kioo hicho ni sehemu ya nguvu ya paa, na katika mengi yake mfuko wa hewa wa kumkinga abiria hukiegemea unapofumuka. Kitolewe, kutu ikwanguliwe, kigandishwe upya kwa gundi yake.

Huko nyuma, inua tairi la akiba. Ukikuta maji, kagua raba za taa, kisha ya mlango wa buti.

Kukausha ndiko kunakotaka subira. Kabla ya kuling'oa zulia, mpe fundi wa umeme atenganishe betri na nyaya zilizo chini ya viti, hasa zile za manjano, maana ni za mifuko ya hewa. Tenga sponji, ikamue, uianike siku mbili au tatu huku ukiigeuza. Kwangua kutu sakafuni, upake rangi ya kuzuia kutu, na uache rangi ikauke. Kisha tandika magazeti makavu mahali pa zulia, likiwamo hili ukisha kulisoma, na ungoje mvua moja kubwa. Yakibaki makavu, rudisha zulia.